Wageni Wapewe Waifai Yao

Mara nyingi hapa tumezungumza juu ya homa za watoto, lishe, na namna ya kumtunza mgonjwa nyumbani. Mwezi huu nitazungumza juu ya jambo ambalo sikufundishwa katika chuo cha uuguzi. Nimelazimika kujifunza mwenyewe, tena kwa aibu, kwa sababu ya mgonjwa niliye naye ndani ya nyumba yangu.

Jambo lenyewe ni waifai, yaani ile intaneti isiyo na waya ambayo siku hizi imeingia hata katika nyumba zetu za kawaida. Nimeandika "waifai" kwa makusudi. Wengi huandika "wifi", lakini kwetu sisi wifi ni dada wa mume, mtu mwenye heshima yake. Katika habari hii wote wawili wamo, na nisingependa mchanganyikiwe.

Mama mkwe wangu alipata kiharusi mwaka 2022. Upande wa kulia ulilegea na maneno yake hutoka polepole, lakini akili yake ni nzima kabisa. Tunaishi naye hapa Morogoro. Mimi huingia zamu za usiku na mume wangu husafiri, kwa hiyo anayeshinda naye muda mwingi ni binti anayenisaidia kazi. Mume wangu alinunua kamera ndogo ya waifai, tukaifunga juu ya kabati ielekee kitanda. Nikiwa kazini nilipata nafuu kubwa. Wakati wa mapumziko nilifungua simu nikamwona mama amelala na amegeuzwa ubavu. Mnaouguza wagonjwa wa namna hii mnafahamu: asiyeweza kujigeuza yampasa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huchubuka, na vidonda vile ni vigumu kupona. Kwa hiyo sikuifunga kamera ile kwa ajili ya kumchunguza binti. Niliifunga kwa ajili ya ngozi ya mama.

Sasa, nyumba yetu ni nyumba ya watu. Jumuiya hukutana kwetu kila mwezi, wanakwaya hupita, marafiki wa watoto huja kusoma, na uani kuna mpangaji. Kila aliyeuliza neno la siri la waifai alipewa. Hatimaye nilichoka kulitaja, nikaliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi, nikakibandika ukutani sebuleni. Nilijiona mkarimu.

Jumamosi moja kijana wa jirani alikuja kumsaidia mwanangu hesabu. Ni kijana mwenye adabu, nimemwona tangu akiwa mchanga. Jioni alinifuata jikoni, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, kuna jambo nataka kukueleza, lakini naona aibu."

Nilidhani amevunja kitu. Akaniambia kwamba baba yake ana kamera dukani, naye huitazama kwa programu iliyo kwenye simu yake. Alipoifungua akiwa kwetu, ile programu ilitafuta yenyewe kamera zilizo karibu, ikamletea moja ambayo haijui. Aliigusa. Ikaomba jina na neno la siri, naye akaandika yale ya kiwandani ambayo wauzaji wengi huacha, akidhani ni ya duka imebadilika jina. Ikafunguka. Aliona kitanda, beseni la maji, na mgongo wa binti aliyekuwa akimwogesha bibi.

"Nilifunga palepale, mama. Lakini nikaona si vizuri nisikuambie."

Nilimshukuru. Akaondoka, nami nikakaa kwenye kigoda nikashindwa hata kupuliza mkaa. Akina mama, mimi ni muuguzi kwa miaka mingi. Kazini, kabla sijagusa shuka la mgonjwa, navuta pazia. Hata wodi ikiwa na wagonjwa waliolala wawili wawili, hata pazia likiwa limechanika, nalivuta, na pasipo na pazia naomba ndugu wasimame na khanga. Nimewagombeza wanafunzi kwa jambo hilo. Kumbe nyumbani kwangu mama mkwe alikuwa akiogeshwa mbele ya mtu yeyote mwenye simu aliyesoma kile kipande cha boksi. Huyu mmoja alikuja kuniambia. Sijui kama kulikuwa na mwingine kabla yake.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuichomoa kamera. La pili lilikuwa kutafuta kujua imewezekanaje.

Nilimwendea mwalimu wa kompyuta ambaye tunasali naye, akanieleza kwa lugha ya nyumba. Kile kiboksi kinacholeta intaneti, yaani rauta, hukipa kila kifaa kinachoingia namba yake. Simu yangu ina namba, televisheni ina namba, kamera ina namba, na simu ya mgeni nayo hupewa namba katika mfululizo uleule. Vifaa vyenye namba za mfululizo mmoja huweza kuitana bila kupitia nje. Haikuwekwa hivyo kwa ubaya. Ndiyo maana simu ya mtoto inaweza kurusha picha kwenye televisheni, na kompyuta inaweza kuchapa karatasi kwenye mashine iliyo chumba kingine. Wale walioibuni walifikiria familia moja, watu wanaoaminiana.

Sisi tumeifanya ukumbi wa mtaa. Mgeni anapoomba waifai anataka kusoma ujumbe wake, basi. Lakini tukimpa lile neno la siri moja, tumempa intaneti pamoja na njia ya kufikia kila kilichounganishwa ndani. Ni kama mgeni aombaye maji ya kunywa, nawe ukampa funguo zote za nyumba ajichotee. Tena wakati mwingine mgeni mwenyewe hana neno, ila simu yake imeshika virusi vya kompyuta bila yeye kujua, na virusi havingoji kukaribishwa.

Hapo nikakumbuka kisa kimoja nyumbani ambacho tulikichekea tu. Jumuiya tulikuwa katikati ya sala, televisheni ikajiwasha yenyewe ikaanza kuonyesha mpira. Mtoto wa mama mmoja alikuwa nje kwenye ngazi, akagusa alama fulani kwenye simu yake. Tulicheka sana siku ile. Ilikuwa dalili, nami sikuisoma.

Dawa ya jambo hili ipo, na mara nyingi imo ndani ya rauta uliyo nayo tayari. Rauta nyingi za siku hizi zinaweza kutoa mtandao wa pili, wa wageni, wenye jina lake na neno lake la siri. Anayeingia huko anatoka moja kwa moja kwenda kwenye intaneti, wala haoni kilichomo ndani. Rauta ni hiyohiyo, na malipo ya mwezi ni yaleyale. Aliye wodini angesema tumetenga chumba.

Nitaeleza nilivyofanya, pamoja na nilivyokosea.

Geuza rauta yako. Chini au nyuma kuna karatasi iliyobandikwa, yenye anwani, jina na neno la siri la msimamizi. Anwani huwa mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, vile vya laini ya simu vingi hutumia 192.168.8.1. Simu yako ikiwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani, iandike anwani hiyo mahali unapoandikia jina la tovuti. Utaingia katika ukurasa wa mipangilio. Tafuta palipoandikwa Guest, ambalo ni neno la Kiingereza la mgeni. Washa, andika jina, weka neno la siri. Ukiulizwa aina ya ulinzi, chagua WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, iache. Hiyo ilijulikana kuwa dhaifu tangu mwaka 2001. Na rauta nyingine huacha mtandao wa wageni bila neno la siri kabisa, kwa hiyo hakikisha umeliweka, vinginevyo hata mpita njia atajisevia.

Mimi nilifanya hayo yote kwa nusu saa nikafurahi. Kisha nikamwambia mwanangu aingize simu yake kwenye mtandao wa wageni, tuone. Televisheni ikaonekana. Mashine ya kuchapa ikaonekana. Nilikuwa nimeweka jina jipya mlangoni, lakini ukuta haukuwepo! Tulirudi katika mipangilio mara tatu, jioni mbili. Mwishoni tuliona kijisanduku chenye alama ya vema, kinachoruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani. Tukaondoa ile alama, ikawa vizuri. Kwa hiyo, mama mwenzangu, usiamini hadi umejaribu. Chukua simu moja, iingize kwa wageni, kisha tafuta televisheni, tafuta mashine ya kuchapa, tafuta kamera. Visipoonekana, ndipo useme umemaliza sehemu hiyo.

Nasema sehemu hiyo kwa sababu lipo kosa la pili, na hili nimeliona katika nyumba nyingi tangu nianze kuulizia. Watu huanzisha mtandao wa wageni, lakini mtandao wa familia unabaki na neno la siri lilelile ambalo mtaa mzima unalijua. Simu zao zimekwisha kulihifadhi, zinaingia zenyewe kila wanapofika getini. Lazima lile la zamani libadilishwe. Ni kazi ya kuchosha, kwa maana kila kifaa cha nyumbani huomba neno jipya, lakini ukiiruka umefanya kazi bure.

Nilitaka kufanya ujanja hapo: kuupa mtandao wa wageni jina la zamani na neno la zamani, ili wageni waendelee bila kuuliza, na familia tuhamie jina jipya. Ni njia nzuri, ila angalia sana. Kamera nayo inalikumbuka jina la zamani! Ningeiwasha, ingejiunga yenyewe na wageni, nami ningekuwa nimeifungia chumba kimoja na wale niliokuwa naikimbiza. Katika rauta nyingine wageni hawaonani wao kwa wao, katika nyingine wanaonana. Kwa hiyo ukifuata njia hii, hamisha kwanza vifaa vyako vyote, kimoja kimoja.

Lipo pia suala la majina mawili. Mama mmoja wa kwaya aliniambia kwa kujiamini kwamba yeye tayari anayo mitandao miwili: familia hutumia ile iliyoandikwa 5G mwishoni, wageni hutumia nyingine. Siyo. Hayo kwa kawaida ni masafa mawili ya mtandao mmoja. Moja ni gigahezi 2.4, linafika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Jingine ni gigahezi 5, lina kasi lakini halifiki mbali. Ni milango miwili ya sebule moja. Aliye mlango huu anamwona aliyeingia kwa mlango ule. Tulipojaribu kwake, simu ya mgeni iliikuta televisheni mara moja, naye akanyamaza.

Na kama rauta yako haina nafasi ya wageni? Njia nyepesi ni simu ya zamani yenye laini na kifurushi chake. Iwashe igawe intaneti siku ya wageni, kisha izime. Huo ni mtandao mwingine kabisa, hauna habari na vitu vyako. Njia nyingine ni kununua rauta ya pili na kuiunganisha kwa kebo kwenye ya kwanza. Hapa mafundi wengi hukosea. Huwapa wageni ile rauta mpya ya nyuma, familia ikabaki kwenye ile ya mbele. Ifanywe kinyume. Aliye kwenye rauta ya nyuma hupitia ya mbele ili atoke nje, hivyo anaweza kuvifikia vilivyo mbele. Aliye mbele hana njia ya kuingia nyuma. Fikiria nyumba zetu: aliye chumba cha ndani hupita ukumbini akitaka kutoka, lakini aliyeketi ukumbini haingii chumbani. Basi wageni wabaki kwenye rauta ya mbele, na vitu vya familia viwe nyuma. Kebo iingie katika tundu la rauta ya nyuma lililoandikwa WAN, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na mengine. Ikiingizwa katika matundu mengine, ukuta unaweza usiwepo.

Sasa turudi kwenye kamera, kwa sababu mtandao wa pili peke yake haukunitosha. Kosa kubwa lilikuwa lile neno la siri la kiwandani. Msidhani ni kosa la kijijini kwetu. Mwaka 2016 virusi vya kompyuta vilivyoitwa Mirai vilienea duniani kwa njia hiyohiyo. Vilikuwa na orodha ya maneno ya siri ya kiwandani kama 60 tu, vikawa vinayajaribu kwenye kamera na rauta za watu, vikaingia katika mamia ya maelfu ya vifaa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kwa pamoja kuishambulia kampuni ya Marekani iitwayo Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Desemba 2019 ofisi ya FBI ya mji wa Portland iliwashauri Wamarekani wasiweke kompyuta zao na vifaa kama majokofu ya intaneti katika mtandao mmoja. Hatuna majokofu ya namna hiyo mtaani kwetu, lakini kamera zimejaa.

Kwa hiyo nilibadilisha neno la siri la kamera yenyewe, kisha neno la msimamizi wa rauta, lile la kwenye karatasi, maana rauta nyingine humruhusu hata mgeni kuufungua ukurasa wa mipangilio. Nikazima pia kile kitufe cha WPS cha kuunganisha bila neno la siri; udhaifu wa njia hiyo ya namba ulitangazwa tangu mwaka 2011. Kamera imebaki upande wa familia. Mwenye rauta inayotoa mitandao mitatu anaweza kuipa kamera wa kwake, na itakuwa vizuri zaidi.

Watoto nao walitaka kuniangusha. Wiki ya kwanza nilimkuta mwanangu ameshika simu yake mbele ya simu ya rafiki yake, imejaa vile vijimraba vyeusi na vyeupe. Ni msimbo wa QR. Simu za siku hizi huweza kumpitishia mwingine neno la siri kwa kuonyesha picha hiyo, bila kutamka hata herufi moja. Sikumchapa. Nilimketisha nikamweleza habari ya bibi yake, yote, jinsi ilivyokuwa. Alilia. Tangu hapo yeye ndiye mlinzi mkali kuliko mimi. Tulibadilisha neno tena jioni ileile.

Niseme pia mtandao huu usichokifanya, msije mkanilaumu. Haupunguzi kifurushi, mgeni akitazama filamu, ni gigabaiti zako zinazokwenda. Rauta nyingine hukuruhusu kupunguza kasi ya wageni au kuweka saa za kuzima, na mimi nimeweka saa nne usiku, kwa ajili ya mpangaji wetu mpenda filamu. Wala haukuondolei jukumu. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu, na afanyacho mgeni huonekana nje kuwa kimetoka kwangu, awe amepita mlango wa familia au wa wageni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo na inahukumu watu. Kwa hiyo neno la wageni nalo halibandikwi ukutani tena. Hutajwa kwa mdomo, na hubadilishwa baada ya kila sikukuu.

Yote hayo yalikuwa kazi ya vidole. Kazi ngumu ilikuwa kumweleza mama.

Mume wangu aliona heri tunyamaze, kwa kuwa limepita na mama ni mgonjwa. Sikukubaliana naye. Mgonjwa aliyefunuliwa ana haki ya kuambiwa, hata kama aliyemfunua ni mkwewe. Nilikaa kando ya kitanda baada ya uji, nikamweleza. Alinitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Aliniona?"

"Aliona beseni, mama, na mgongo wa binti. Anasema hakuona zaidi."

"Na wewe, kila siku huniona huko kazini?"

Swali hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimehangaika na kijana wa jirani, wala sikuwa nimejiuliza kama mama mwenyewe alikubali kutazamwa. Tulimwambia tumefunga kamera, hatukumwuliza. Nikamwambia ukweli, kwamba ndiyo, namwona, hata anapoogeshwa, kwa kuwa kamera haichagui. Nikamwomba radhi. Akasema ikae, kwa sababu usiku huogopa, lakini ifunikwe wakati wa kuoga. Akachagua khanga yake mwenyewe ya kuifunikia. Binti anaifunika kabla ya kuleta beseni, na mimi nikiona giza kwenye simu najua mama anaoga, nafunga, narudi kwa wagonjwa wangu.

Wifi yangu nilimpigia simu Dodoma. Ni mama yake aliyezaliwa naye, asingestahili kusikia kwa watu. Alikata simu. Alikuja Desemba na watoto wake watatu, na kabla hawajavua viatu watoto wakauliza, "Shangazi... aa, mama mkubwa, waifai yenu inaitwaje?" Walikuwa wamechoka hata wakasahau wananiitaje. Nikawapa jina la mtandao wa wageni. Wakati ule liliitwa hivyo hivyo, "Wageni".

Wifi akalisoma kwenye simu ya mtoto. "Yaani wanangu ni wageni kwa bibi yao?"

Nilijua neno hilo halikuwa la waifai peke yake. Lilikuwa la simu ile aliyoikata. Sikumjibu pale mlangoni. Usiku, watoto walipolala, nilimwonyesha kila kitu: kamera, khanga, ile programu, na namna simu iliyo upande ule isivyoweza kuiona. Nikampa simu yake ajaribu mwenyewe. Alijaribu kwa muda mrefu kuliko nilivyojaribu mimi. Kisha nikamwekea ile programu ya kamera, ili amwone mama yake akiwa kwake Dodoma, maana kwa hiyo hahitaji waifai yetu kabisa. Inapitia intaneti, kwa jina na neno lake mwenyewe. Akasema kwanza atamwuliza mama. Asubuhi alimwuliza, mama akakubali.

Jina nimelibadilisha. Sasa mtandao wa wageni unaitwa "Ukumbini", na hakuna anayenuna, kwani kila mtu hukaa ukumbini. Watoto wa wifi walikaa huko likizo nzima. Mpangaji yuko huko, jumuiya iko huko, na yule kijana wa jirani akija kwa hesabu yuko huko pia. Nilipompa neno jipya mara ya kwanza aliniuliza kama amefukuzwa. Nikamwambia nimewahamisha wote, na kwamba kamera ya duka la baba yake nayo nimeambiwa bado ina neno la kiwandani. Alikwenda kuibadilisha siku hiyohiyo.